Meza ya karata ya wazee isivunjike kwa umbali

Kama baba amehamia kwako Kizota, Dodoma mjini, na wenzake wa karata wamebaki Kondoa au Mpwapwa, mwekee kwenye simu mchezo wa karata unaoruhusu meza ya faragha, yaani anaingia aliyetumiwa namba ya meza hiyo tu. Kuza maandishi. Kubalianeni saa, tuseme saa 1 usiku kila siku, ili asiyeonekana aulizwe hali.

Ila kubwa ni sauti: wapigiane simu ya kundi WhatsApp wakiwa wanacheza, spika wazi. Wazee wetu wanataka kwanza waitikiane mbukwenyi, salamu ya Kigogo, waulizane mvua na mtama, wabishane, ndipo karata ziende. Mchezo unaodai pesa au namba ya siri, ufute hapo hapo.