Msingi na sakafu ya oveni ya pizza ya tofali, anza na chini kuba litakuja

Watu wengi wakitaka kujenga oveni ya pizza nyuma ya nyumba akili yote inaenda kwenye kuba, litakuwa duara kiasi gani, tofali zitashikaje kule juu zisidondoke. Mi nakuomba kuba uliweke pembeni kwanza. Oveni inafelia chini, pale pizza inapokalia. Ya kwangu ya kwanza hapa Moshi ilifelia hapohapo, tulipanga tofali moja kwa moja juu ya zege, tukawasha moto mchana, jioni pizza juu jibini inaungua chini unga bado mweupe unanata, tukiongeza kuni vilevile. Usiku wakati wa kufunga nikapeleka mkono kwenye stoo ya kuni iliyo chini ya oveni nikashika zege kwa chini, lina joto kama kikombe cha chai. Yaani kuni zote zile zilikuwa zinapasha zege. Tulibomoa tukaanza upya, na hivi ndo tulivyofanya mara ya pili.

Vipimo kwanza. Oveni yenye kipenyo cha sentimita 90 kwa ndani inatosha kabisa nyumbani. Ukiongeza unene wa tofali pande zote mbili, insulesheni (tabaka la kuzuia joto lisitoroke) sentimita 10 kila upande na plasta, unakaribia sentimita 140, kwa hiyo zege la juu, lile linalobeba oveni, fanya 150 kwa 170, ule urefu uliozidi ni wa mdomo wa oveni. Jamvi la chini, yaani zege la ardhini, lizidi kidogo, 170 kwa 190. Kabla hujachimba angalia siku mbili tatu moshi wa jiko lako la mkaa unaelekea wapi jioni, usije ukaelekeza mdomo upepo unakotokea au kwenye dirisha la jirani.

Kuchimba hamna cha ajabu, toa udongo wote wa shambani mpaka ufike pagumu, sentimita 30 mpaka 40 kwa kawaida. Ila kama uko huku tambarare kwenye udongo mweusi ule unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha, chimba zaidi uutoe, ujaze moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka huku unashindilia, maana ule udongo utainyanyua oveni na kuishusha kila mwaka mpaka ipasuke. Panga mawe, shindilia, tandika nailoni, weka nondo, mwaga jamvi la sentimita 15. Zege ni saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4. Simama hapo wakati linachanganywa kwa sababu mafundi wanapenda kuongeza maji ili limwagike kirahisi, na zege la maji mengi ni zege dhaifu hata ukiweka saruji ya bei gani. Ukishamaliza funika na magunia au majani ya migomba, mwagilia asubuhi na jioni siku 7. Kazi hii fanya kuanzia Juni, masika ya Machi mpaka Mei yatakusumbua bure.

Kuta ni tofali za block za inchi 6, pande tatu, mbele acha wazi pawe stoo ya kuni. Kozi tatu tu, yaani mistari mitatu ya tofali kwenda juu. Fundi wangu alisimama pale akaniambia, "Bosi, hii fupi, niongeze kozi moja upate urefu mzuri." Nikamwambia fundi subiri tupige hesabu. Kozi tatu na udongo wake wa kujengea ni kama sentimita 74, zege la juu 12, insulesheni 10, tofali ya sakafu 6 na nusu, na mchanga wa kulazia, jumla karibu 103. Hapo mtu anaingiza pizza bila kuinama na anaona ndani. Kozi ya nne ingetupeleka karibu 128, mke wangu angehitaji kigoda.

Zege la juu linahitaji fomu ya mbao na mirunda ya kutosha kwa chini, na lenyewe liwe imara, maana kuba na vinavyolifunika vinaweza kuzidi nusu tani. Nondo za mm 12 kila sentimita 15 kwenda na kurudi, zifungwe kwa bainding waya, ziinuliwe kwa vipande vya mawe zisilale kwenye mbao, na pale mbele pasipo na ukuta ongeza mbili. Kabla hujamwaga simamisha vipande vinne vya bomba la nusu inchi vipenye zege mpaka chini. Hivi ni vya kutoa unyevu. Insulesheni ikinyonya maji haizuii joto tena, na maji yakikosa pa kutokea oveni itakula kuni wiki nzima ndo ikauke. Mirunda usitoe kabla ya wiki mbili, mi nilikaa tatu.

Sasa hapa ndo penyewe. Juu ya zege inakuja insulesheni, na sisi huku tumekaa kati ya Kilimanjaro na Meru, milima ya volkano, mawe mepesi yapo. Unatafuta lile jiwe lenye vitundu vitundu kama la kusugulia miguu. Tupa kwenye ndoo ya maji, likielea ni lenyewe, likizama haraka kama kokoto achana nalo. Vunja vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi mpaka kidole gumba, chekecha vumbi litoke (funga kitambaa puani, lile vumbi sio zuri), lowesha kwanza yasije yakanyonya maji ya saruji yote. Changanya ndoo 6 za mawe kwa ndoo 1 ya saruji na maji kidogo. Ukikamata mkononi ukaminya linashikana, ukifungua kiganja unaona matundu bado yapo kati ya mawe. Kama uji wa saruji unachuruzika kwenye vidole umezidisha, na yale matundu ndo yanayozuia joto. Mwaga unene wa sentimita 10, sawazisha kwa ubao, usishindilie kwa nguvu. Ukikosa hayo mawe kuna njia ya chupa tupu za bia, zinalazwa karibu karibu halafu katikati zinajazwa udongo mfinyanzi uliochanganywa na unga wa mbao wa kwa seremala, inafanya kazi ila mi naona mawe yanadumu zaidi.

Sakafu yenyewe ni tofali za moto, yaani zilizotengenezwa kuhimili moto, zile ngumu za sentimita 23 kwa 11 na nusu. Kama 35 zinatosha ukihesabu na za kukata. Ukizikosa hadwea, nenda kwenye tanuru la tofali za kuchoma uombe za katikati, za pembeni huwa hazijaiva. Gonga mbili kwa pamoja, iliyoiva inalia kama kengele, mbichi inatoa mlio mfu. Mawe laini ya mto Karanga yanavutia lakini usiyaweke kwenye moto, yana unyevu ndani yanaweza kulipuka.

Tofali za sakafu hazijengewi na saruji, zinalala kavu. Moto wa pizza unafika nyuzi 400 hivi, saruji hapo inaachia inakuwa unga, na tofali inatanuka inahitaji nafasi. Chekecha mchanga laini, changanya na mfinyanzi mkavu uliosagwa, tandaza kama sentimita 1, laza tofali moja moja ukigonga na mpini wa nyundo, pima maji ikiwa juu muda wote. Zipange kimshazari kutoka mdomoni, ili kibao cha kuingizia pizza kisikutane na ukingo wa tofali uso kwa uso. Ukuta wa kuba usikalie hizi tofali, uzizunguke kwa nje, siku moja ikipasuka unaing'oa unaweka nyingine bila kugusa kuba.

Ukimaliza pitisha kiganja sakafu nzima taratibu, kuanzia ndani kuja mdomoni. Pale kucha inapogota ndo kibao kitagota, ing'oe hiyo tofali, punguza mchanga, rudisha. Halafu funika na nailoni mpaka fundi aje aanze kuba.