Kabla ya Kukodi au Kununua Lori Utakaloliendesha Mwenyewe

Dereva anayetaka kuacha gari la tajiri na kuanza kubeba mizigo kwa jina lake kwa kawaida huanza kwa kuuliza malipo ya kila mwezi ni kiasi gani. Wauzaji na wakodishaji hupenda aanzie hapo, kwa kuwa karibu mkataba wowote unaweza kupangwa hadi malipo ya mwezi yaonekane mepesi. Swali linalostahili kutangulia ni hili: lori likiharibika njiani na kulala gereji wiki 3, ni nani atakayemlipa fundi, na rejesho la mwezi huo litatoka wapi? Jibu lake ndilo linalotenganisha kukodi na kununua, na maandalizi mengine yote yanapaswa kulifuata.

Kabla hujaenda kuangalia lori lolote, andika gharama zako katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la zile zinazodaiwa hata lori likiwa limeegeshwa, yaani rejesho au kodi, bima, leseni na maegesho. La pili ni la zile zinazopanda kadiri unavyotembea: dizeli, tairi, mafuta ya injini, spea na ushuru wa barabara. Lori kubwa la kuvuta tela likiwa na mzigo hunywa kwa kawaida lita 30 hadi 40 za dizeli kwa kila kilomita 100, kutegemea uzito, milima na mguu wa dereva, hivyo lori kuukuu la bei nafuu linaweza kurudisha kwenye kituo cha mafuta pesa zote ulizodhani umeziokoa wakati wa kununua. Kisha gawanya fungu la kwanza kwa kilomita zinazolipwa peke yake. Anayetembea kilomita 10,000 kwa mwezi, na 3,000 kati ya hizo akawa anarudi tupu, ana kilomita 7,000 tu za kubeba rejesho, ilhali dizeli na tairi zinalika kwa zote 10,000. Kumbuka pia kwamba wenye mizigo wengi hulipa siku 30 au hata 60 baada ya ankara. Katika muda huo utaendelea kujaza tangi kwa pesa zako.

Ukielekea kukodi, hakikisha kwanza unajua ni ukodishaji wa aina gani, kwa sababu jina moja hufunika mambo tofauti kabisa. Kuna kukodi ambako matengenezo yote ni ya mwenye lori, na likiharibika anakupa jingine. Kodi yake ni kubwa, lakini umenunua utulivu, na kwa mtu asiye na akiba ninauona kuwa mwanzo wa busara. Kuna kukodi ambako lori ni la mwingine lakini spea ni zako, yaani unabeba mzigo wa mwenye mali bila kuwa na mali. Soma kikomo cha kilomita na gharama ya kila kilomita inayozidi, hali ya tairi inayotakiwa siku ya kurudisha, na hasa kifungu cha kuvunja mkataba, kwa kuwa baadhi ya mikataba hukudai kodi ya miezi yote iliyobaki hata kama lori umelirudisha.

Aina ya tatu, kukodi kwa kununua, yaani unalipa kodi hadi mwisho wa mkataba ndipo lori liwe lako, inahitaji uangalifu kuliko zote. Mara nyingi anayekukodisha lori ndiye huyohuyo anayekupa mizigo, na hukata kodi, bima, dizeli na mfuko wa matengenezo kabla hujaona malipo yako. Mizigo ikipungua, makato hayapungui. Ukiamua kuhamia kwa mwingine, lori linabaki kwa aliyekukodisha pamoja na yote uliyokwisha kulipa. Huko Marekani, sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliagiza kuundwa kwa kikosi kazi cha kuchunguza mikataba ya namna hii, na ripoti yake ya Januari 2025 ilipendekeza Bunge la nchi hiyo liipige marufuku. Ukiletewa mkataba kama huo, taka majibu kwa maandishi: je, unaruhusiwa kubeba mizigo ya watu wengine kwa lori hilo? Pesa za mfuko wa matengenezo zinarudishwa zikibaki? Malipo ya mwisho ya kulimiliki lori ni kiasi gani, na kadi ya usajili itabadilishwa jina lini? Mkodishaji anayekataa kuandika majibu hayo amekwisha kukujibu.

Kwa anayenunua kwa mkopo, jambo la kwanza la kuchunguza ni namna riba inavyohesabiwa. Riba ya asilimia 10 inayotozwa kila mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo, kwa miaka 3, ina maana kwamba ukikopa 100 utarejesha 130, na kwa kuwa deni linapungua kila mwezi huku riba ikibaki palepale, gharama yake halisi ni karibu asilimia 18 kwa mwaka ikihesabiwa juu ya salio. Watu wawili wanaweza kusaini mikopo yenye asilimia ileile na mmoja akalipa zaidi sana ya mwenzake. Omba jedwali la marejesho yote hadi mwezi wa mwisho, uliza kama kuna malipo makubwa yaliyosukumwa mwishoni, na uliza adhabu ya kumaliza deni mapema. Kwa kuwa lori jipya hupoteza thamani haraka zaidi katika miaka ya mwanzo, likipata ajali kubwa wakati huo bima inaweza kulipa pungufu ya unachodaiwa. Mwulize wakala wa bima kama ipo inayofidia tofauti hiyo.

Lori lililotumika likaguliwe na fundi unayemlipa wewe, asiye na uhusiano na muuzaji. Fikeni injini ikiwa baridi, na mkiikuta imepashwa moto, jueni huenda kuna shida ya kuwaka ambayo hamkutakiwa kuiona. Washeni, kisha fungueni kifuniko cha kujazia mafuta: moshi ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, injini inapumua, nayo pete au silinda zimechoka. Mafuta yaliyogeuka meupe kama maziwa yameingiliwa na maji, na hiyo peke yake inatosha kuwarudisha nyumbani. Linganisheni namba ya chesesi na ile ya kwenye kadi, angalieni kama tairi zimelika upande mmoja, na ombeni kumbukumbu za huduma. Kwa malori ya karibuni yenye chujio la masizi na mfumo wa urea (kimiminika cha kusafisha moshi) kwenye ekzosi, mashine ya kusoma hitilafu iunganishwe, kwa sababu ukarabati wa mifumo hiyo ni ghali na hitilafu yake hupunguza nguvu ya lori au kulizuia kabisa.

Kuhusu kodi ya serikali, mwone mhasibu, maana kila nchi ina kanuni zake za kuhesabu malipo ya kukodi lori, riba na uchakavu.

Akiba ya matengenezo iwe nje ya pesa ya kutanguliza. Ninasisitiza hili kwa sababu wengi hukusanya kwa miaka, wakatoa yote siku ya kununua, kisha turbo au gia boksi ikawaangusha kabla ya mwaka kwisha. Mwenye pesa ya kutanguliza lakini asiye na akiba akodi kwanza lori lenye matengenezo ndani ya kodi. Mwenye vyote viwili, na mteja wa kudumu anayelipa kwa wakati, anunue.

Siku ya makabidhiano, iwe umekodi au umenunua, piga picha dashibodi ikionyesha kilomita, kila tairi, vioo na ubavu wote wa lori, kisha kila kasoro iandikwe kwenye fomu na kusainiwa na pande zote mbili kabla hujapokea ufunguo.