Somo: "Cut" sio kila mara kukata, na kukata sio kila mara "cut"

Habari zenu wakuu. Leo tuna kitenzi kimoja tu, "cut". Najua kuna watu washaanza kuguna, si tulifundishwa toka shule ya msingi kwamba ni kukata, basi yameisha. Hata mimi nilijiamini hivyohivyo mpaka siku nilipomwambia mgeni mmoja kazini "tomorrow I will cut the ticket", nikimaanisha kesho nakata tiketi ya safari, jamaa akanitazama, akafanya vidole viwili kama mkasi, akaniuliza sasa ukiikata utasafirije? Toka hapo kila "kata" inayonitoka mdomoni naichunguza kwanza.

Hatua ya 1, umbo lake. Leo ni cut, jana ni cut, na ukiweka "have" ni cut vilevile. Hakuna "cutted", hata kama moyo unakutuma. Ukiweka -ing, t zinakuwa mbili, "cutting". Sasa angalia hapa: "she cuts the rope" ni kawaida yake kukata kamba, "she cut the rope" ni alikata, yaani s moja tu ndo imebeba habari yote ya wakati. Kwa "I", "you" na "they" hata hiyo s haipo, so unatafuta maneno ya jirani kama "yesterday" au "every day", ukiyakosa unaangalia stori nzima inaongelea lini.

Matamshi nayo yanatuangusha coz sisi tuna a moja, wenzetu wanazo kadhaa. Ya "cut" ni fupi, mdomo haufunguki sana, unaitoa haraka kama mtu aliyeshtuka. "Cat", yaani paka, mdomo unatanuka kuelekea e. "Cart", mkokoteni, a inavutwa. Na mwishoni usichomeke i, ukisema "kati" ushahama lugha.

Hatua ya 2, kukata kwenyewe. Kisu, mkasi, wembe, panga, vyote ni "cut", na kifaa kinatanguliwa na "with". Rahisi, ila kuna mtego mmoja. "I cut my finger" maana yake nimejikata kidole, damu imetoka, nafunga plasta maisha yanaendelea. "I cut off my finger" maana yake kidole hakipo tena, kipo chini, kitafuteni. Kuna mtu nilifanya naye kazi aliandika hiyo ya pili akiomba ruhusa ya siku moja, bosi akapiga simu mwenyewe kwa hofu, kumbe ni kamchubuko tu alikapata akimenya viazi.

Hatua ya 3, kupunguza. Hii ndo utakutana nayo sana kwenye habari: "cut costs" kupunguza gharama, "cut jobs" kupunguza wafanyakazi. Hapa chunga "by" na "to" maana zinaweza kukulaza njaa. Tuseme mshahara wako ni 500. Ukisikia "it was cut by 100", wamechukua 100, umebaki na 400. Ukisikia "it was cut to 100", wamechukua 400, umebaki na hiyo 100. Soma barua vizuri kabla hujashukuru.

Hatua ya 4, vijineno vya nyuma, hapa ndo kwenye uhondo. "Cut down a tree" ni kukata mti ukaanguka, lakini "cut down on sugar" ni kupunguza sukari, hiyo "on" ndo imebadilisha kila kitu. Ukiweka kiwakilishi kwenye ile ya mti kinakaa katikati, "cut it down", ila kwenye ile ya sukari kinabaki mwisho, "cut down on it". "Cut off" mbali na kidole ni kukatiwa huduma kama maji au umeme, pia kijiji kutengwa na mafuriko, pia kumkatisha mtu anapoongea. "Cut in" ni kudakia maongezi, au gari kukuchomekea. "Cut up" ni kukata vipandevipande. Zingine mtazikuta njiani, tusichoshane.

Hatua ya 5, "kata" zetu ambazo hazitaki "cut" kabisa. Kukata tamaa ni "lose hope" au "give up", kukata rufaa ni "appeal", kukata shauri ni "decide", kukata roho ni "die", kukata kiu ni "quench your thirst", tiketi yangu ile ni "buy" au "book", na kukata kona ni "turn the corner". Hii ya kona nawasihi sana, coz "cut corners" kwao ni kulipua kazi, sasa dereva ukijisifu kwenye intavyuu kwamba "I cut corners very well" usishangae wasipokuita.

Maswali

Swali: Ticha, jana nimetoka kunyolewa, nikisema "I cut my hair" nimekosea?
Jibu: Wapo wanaosema hivyo, ila anayesikiliza anaweza kudhani umeshika mkasi mwenyewe mbele ya kioo. Kama umekatwa na mtu sema "I had my hair cut". Mpangilio ni "had", kitu, alafu "cut". Ukigeuza ikawa "I had cut my hair" unarudi kulekule kujikata mwenyewe.

Swali: Simu ikikatika yenyewe je?
Jibu: "We got cut off." Ukiikata wewe kwa hasira ni "I hung up".

Swali: Mkuu kuchomekea foleni ni "cut the line"?
Jibu: Marekani ndiyo, au "cut in line". Uingereza wanasema "jump the queue".

Swali: Kuna bosi kila saa ananiambia "cut it out", mi naenda kuchukua mkasi 😂
Jibu: Pole sana, anakwambia acha hiyo tabia. Rudisha mkasi.

Swali: Mbona kwenye kompyuta nikibonyeza "cut" maandishi yanapotea, afu kuna "copy"?
Jibu: "Copy" inanakili, ya mwanzo inabaki. "Cut" inang'oa pale ili ukabandike kwingine. Jina limetoka kwa wahariri wa enzi za karatasi, walikuwa wanakata aya kwa mkasi kweli na kuibandika kwa gundi sehemu nyingine, ndipo miaka ya 1970 mtaalamu wa kompyuta Larry Tesler na wenzake pale Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kule Marekani, wakaleta mtindo huo kwenye kompyuta. Yakipotea usihangaike, bonyeza "paste" kabla hujakata kitu kingine, coz ukikata kingine kile cha kwanza kawaida kinafutwa na hiki kipya.

Swali: Na "I'm not cut out for this"?
Jibu: Hii kazi sikuumbiwa. Ndo mwenzetu wa mkasi angemjibu bosi wake.