Kabla hujaigiza kwamba maktaba haipo

Programu nyingi hutegemea maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, nazo ni za lazima na za hiari. Chukua PyYAML, ile ya kusoma faili za YAML, muundo unaotumika sana kwa faili za mipangilio. Mtumiaji anaweza kuwa nayo au asiwe nayo, na sisi tumeahidi kwamba bila hiyo programu itaendelea na kazi nyingine, au angalau itamwambia kistaarabu asakinishe nini. Ahadi hiyo haijaribiwi mara nyingi, kwa sababu kwenye kompyuta ya anayeandika programu kila kitu kimeshasakinishwa. Inabidi ukosefu wenyewe uigizwe. Nitatumia mifano ya Python, ndiyo niliyoizoea, ingawa mengi ya haya utayakuta kwenye lugha nyingine pia.

Amua kwanza unaigiza nini. Mtu akikuambia "nimeimoki maktaba", muulize tena, maana kuna kazi mbili tofauti hapo. Moja ni kuweka kitu bandia ili msimbo udhani maktaba ipo, na hii inafaa pale maktaba ni nzito au inahitaji mtandao. Nyingine ni kuufanya msimbo ukute pengo. Nimeona majaribio yenye jina la "bila maktaba" ambayo ndani yake kumewekwa MagicMock, kitu bandia cha Python kinachojifanya chochote, na hapo umejaribu kinyume cha ulichokusudia.

Hata kwa kazi ile ya kwanza, MagicMock tupu ni danganya toto. Kila unachokiomba inacho: ukikosea herufi ukaandika safe_laod badala ya safe_load, haitalalamika, itakupa bandia nyingine na jaribio litapita. Ipe bandia hiyo spec (kielelezo cha kufuata) ya maktaba halisi ili ikatae majina yasiyokuwepo. Na kama msimbo wako una mstari wa kunasa hitilafu, except yaml.YAMLError, siku hitilafu itakapotokea kweli utapata TypeError ya ajabu, kwa kuwa Python haikubali kunasa kitu kisichokuwa aina ya hitilafu. Utatafuta kosa kwenye msimbo wako kumbe liko kwenye bandia.

Jambo dogo, lipite haraka: hakikisha jina. Jina la kusakinisha si lazima liwe jina la kuimpoti, yaani la kuiita maktaba ndani ya msimbo kwa import. Unasakinisha PyYAML lakini unaimpoti yaml; Pillow inakuwa PIL, beautifulsoup4 inakuwa bs4, scikit-learn inakuwa sklearn. Ukizuia jina lisilo sahihi hujazuia chochote, na jaribio halitakuambia.

Sasa tufike penye kazi yenyewe. Njia nyepesi ya kuigiza pengo, ukiwa na pytest, chombo cha kuendeshea majaribio, ni mstari mmoja:

monkeypatch.setitem(sys.modules, "yaml", None)

sys.modules ni kamusi ambamo Python huweka kila moduli (faili au kifurushi cha msimbo) iliyokwisha kupakiwa, na kabla ya kwenda kuhangaika kwenye diski huchungulia humo kwanza. Ikikuta None mbele ya jina, haitafuti zaidi. Inatupa ModuleNotFoundError papo hapo. Huu si ujanja wa vichochoroni, umeelezwa kwenye nyaraka rasmi za lugha. Angalia tu usichanganye kuweka None na kufuta jina kwenye kamusi. Ukilifuta, Python itakwenda diski, itaikuta maktaba na kuipakia upya bila kinyongo.

Hapo ndipo nilipoumia. Moduli yangu, tuiite ripoti, ilikuwa na mtindo ule wa kawaida: jaribu (try) kuimpoti yaml, ikishindikana (except) weka yaml = None. Nikaandika jaribio, nikaweka mstari ule wa juu, nikaita kazi (function) moja ya ripoti, kijani: jaribio limepita. Wiki kadhaa baadaye mtumiaji mwenye kompyuta mpya akanitumia hitilafu: 'NoneType' object has no attribute 'safe_load'. Mahali pamoja nilikuwa nimesahau kuangalia kama yaml ni None kabla ya kuitumia. Jaribio halikuliona kwa sababu juu kabisa ya faili la majaribio kulikuwa na import ripoti. Moduli ilikwisha kupakiwa ikiwa na yaml halisi mkononi. Nilipokuja kufunga mlango, mgeni alikuwa ameshaketi sebuleni.

Kwa hiyo jiulize mapema: moduli ninayoijaribu itapakiwa lini? Kama unataka kuona tu tabia ya kazi zilizo ndani, badilisha jina ndani ya moduli yenyewe, yaani monkeypatch.setattr(ripoti, "yaml", None), na yatosha. Lakini hiyo haijaribu ule mstari wa try. Ukitaka kuujaribu, ni lazima moduli ipakiwe upya, na kupakia upya kuna gharama zake. Aina za hitilafu ulizotangaza ndani yake zinazaliwa mara ya pili, na except iliyoshika ile ya zamani haitambui mpya. Utaona jaribio jingine kabisa, katika faili jingine, linaanguka, na likiendeshwa peke yake linapita. Siku hizi sihangaiki: naanzisha mchakato mwingine wa Python, naweka None kwenye sys.modules, naimpoti ripoti humo, naangalia ujumbe na namba ya kutokea (exit code). Ni polepole kidogo, lakini mchakato ukifa unakufa na uchafu wake.

Kagua pia milango ya nyuma. Kuzuia yaml hakuzuii moduli ndogo zilizokwisha kupakiwa: mstari wa from yaml.loader import ... unaweza kupita kama yaml.loader bado iko kwenye kamusi. Na msimbo unaouliza importlib.metadata kama kifurushi kimesakinishwa utajibiwa ndiyo, kwa sababu unasoma kumbukumbu za usakinishaji na wala haugusi sys.modules. Kwa upande mwingine, importlib.util.find_spec inaheshimu ile None na kusema haipo.

Kisha soma upya except yako. except ImportError ni pana. Inanasa maktaba isiyokuwepo na vilevile maktaba iliyopo lakini imeharibika, mathalani iliyokosa faili la mfumo inalolitegemea. Mtumiaji anaambiwa "sakinisha PyYAML" wakati ameshaisakinisha mara tatu. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Tangu Python 3.6 kuna ModuleNotFoundError, nayo hubeba jina la kilichokosekana katika name. Linganisha jina hilo na unalolitarajia. Ukifanya hivyo unahitaji majaribio mawili, moja la maktaba isiyokuwepo na moja la iliyovunjika.

Kama kinachokosekana ni amri, kama git au ffmpeg, sys.modules haina la kufanya. Elekeza PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri, kwenye folda tupu ya muda. Kumbuka kwamba subprocess, moduli ya Python ya kuendesha amri, ikiita amri moja kwa moja itatupa FileNotFoundError, ila ukipitia shell ya Unix hakuna hitilafu inayotupwa. Unarudishiwa namba 127 tu, na asiyeisoma ataendelea kana kwamba mambo ni shwari.

Maigizo yote haya hayachukui nafasi ya mazingira matupu ya kweli. Tenga angalau mzunguko mmoja wa majaribio, kwa venv mpya (mazingira ya Python yaliyotengwa) au tox inayokutengenezea mazingira hayo, ambamo maktaba za hiari hazikusakinishwa kabisa. Hapo ndipo yanapoonekana yale usiyofikiria kuyaigiza, kwa mfano maktaba ya lazima iliyokuwa ikiletwa kimyakimya na ile ya hiari.

Na kabla hujaliamini jaribio jipya, livunje. Ondoa try na except kwenye ripoti, acha import yaml tupu, uliendeshe. Likibaki kijani, tazama juu ya faili la majaribio ni nani ameimpoti ripoti kabla yako.