Treni za mikoani Ujerumani: jinsi ya kutumia DB Navigator

DB Navigator ni programu ya simu ya shirika la reli la Ujerumani. Nunua tiketi kabla ya kupanda, na uandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti, maana mkaguzi hulinganisha. Simu ikizima chaji huna tiketi, kwa hiyo beba pawabenki.

Ukiwa na Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya nchi nzima) au Bayern-Ticket (tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria), weka programu ikuoneshe treni za mikoani tu: RE na RB, pamoja na S, yaani treni za jiji na vitongoji. Usipofanya hivyo itakupangia ICE au IC, yaani treni za masafa marefu, na humo tiketi yako haifanyi kazi. Bayern-Ticket siku za kazi huanza saa 3 asubuhi. Ukipanda saa 2:40 huna tiketi.

Muda wa kubadilisha treni uweke angalau dakika 10. Dakika 4 ambazo programu huona zinatosha huliwa na ngazi na mizigo. Fungua safari tena ukiwa stesheni: Gleis ni namba ya njia, nayo hubadilika, "fällt aus" maana yake treni imefutwa.

Kinachowaponza wengi ni treni inayogawanywa njiani. Mfano ni ile inayotoka München (Munich) na kugawanywa stesheni ya Holzkirchen: sehemu moja huenda Bayrischzell, nyingine Lenggries na Tegernsee. Soma kibao cha behewa lenyewe kabla ya kuketi.