Pishi ya mfuto, pishi ya tele: kuitenda Injili Unguja na Pemba

"Wiki hii nitampenda jirani" ni nia njema, lakini haina jirani mwenye jina, haina siku wala kiasi. Ndiyo maana Jumamosi hufika na hakuna kilichofanyika, na mwenye nia hajui hata alishindwa wapi. Njia inayoelezwa hapa ni ya neno moja la Injili kwa wiki, liandikwe mstari mmoja wenye mambo manne: nani, nini, kiasi gani, lini. Unahitaji Injili, daftari dogo la skuli na kalamu.

Anzia Mathayo 5 mpaka 7, kwani amri za pale ni fupi na hazina pa kujificha. Jumapili baada ya ibada soma sura moja nzima bila haraka, halafu rudi kwenye aya moja tu. Usichague inayokupendeza. Chagua ile ambayo ukiisoma unamkumbuka mtu fulani. Na kama mtu unayemkumbuka ni mkeo au mumeo na kosa lake, hiyo si aya yako wiki hii, geuza ukurasa. Kisha andika, kwa mfano: "Jumatano, kabla ya magharibi, nimpelekee muuza mbatata shilingi 6,000 zake zilizobaki." Mstari usioweza kuulizwa "umefanya au hujafanya?" uandike upya.

Msimu wa karafuu ndio unaoonyesha vizuri zaidi namna aya moja inavyogeuka kazi. Luka 6:38 inataja kipimo kilichojaa, kilichoshindiliwa na kusukwa-sukwa hata kikamwagika. Mtu wa Pemba hahitaji kufafanuliwa, hiyo ni pishi ya tele, tofauti na ya mfuto inayosawazishwa mdomoni. Tatizo ni upande ambao tele inaelekea. Aya inazungumza na anayetoa: atoe kwanza, kwani kipimo atakachopimia ndicho atakachopimiwa. Shambani mara nyingi hupinduliwa. Mwenye mikarafuu hupokea kwa tele kutoka kwa mchumaji, akalipa bei ya mfuto.

Fanya hesabu. Pishi ni vibaba vinne. Kilele cha juu kikifika kibaba kimoja, kila pishi nne mchumaji ametoa pishi nzima bila malipo. Aliyechuma pishi nane siku hiyo amepoteza mbili. Kwa hiyo, kabla mtu hajapanda mkarafuu, kaa na wachumaji mkubaliane mambo haya kwa sauti: mfuto au tele, bei ya pishi, karafuu zimeshachambuliwa au bado zina makonyo, yaani vikonyo vyake. Tumia pishi ile ile moja kwa watu wote. Pima mchumaji akiwa amesimama hapo, futa kwa kijiti kilichonyooka, wala usishindilie kwa ngumi. Mkikubaliana tele, bei nayo iwe ya tele. Mchumaji naye ana lake: makonyo na majani yaliyofichwa chini ya pishi ni uongo ule ule, umebadilisha mkono tu.

Ujira ulipwe jioni. Katika mfano wa shamba la mizabibu (Mathayo 20:8) mwenye shamba anaagiza vibarua waitwe na kulipwa kulipokuchwa, na hiyo ndiyo sheria ya Kumbukumbu la Torati 24:15. Ikiwa pesa yako haiji mpaka karafuu zikauke na kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, sema hivyo asubuhi kabla ya kazi, ili anayetaka pesa yake leo aende kwa mwengine. Kumwambia jioni, mikono yake ikiwa tayari imechafuka utomvu, ni kumnyima chaguo.

Ikiwa ulikwisha kupunja, usianze na sala ndefu. Zakayo, mtoza ushuru tajiri (Luka 19:8), alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyemdhulumu. Si kila mtu ana mfuko wa Zakayo. Torati ilikuwa na kiwango cha chini kwa aliyekiri mwenyewe, nacho ni mali yenyewe pamoja na sehemu ya tano juu yake (Hesabu 5:7). Kwa 10,000 uliyopunja, rudisha 12,000. Asiyejua kwamba alipunjwa pia hurudishiwa. Ukimpa kama zawadi umeongeza uongo mwengine; mwambie ni haki yake, na ya nini.

Kwa upande wa kusamehe deni, kuna kosa la kusoma haraka. Mtumwa wa Mathayo 18, aliyesamehewa deni na mfalme kisha akamkaba mwenzake, alikuwa anadai dinari mia, na watu huzihesabu kama senti mbili tu. Lakini dinari ilikuwa ujira wa kutwa (Mathayo 20:2), kwa hiyo hiyo ni kazi ya siku mia moja. Injili haikusema deni lile lilikuwa dogo. Ilisema lile la mfalme, talanta elfu kumi, halikuwa na mfano. Basi ukisamehe, tegemea kuumia. Futa mstari kwenye daftari la madeni mbele ya mwenye deni, mwambie mara moja tu, na deni hilo lisirudi mkigombana mwaka ujao. Kama huwezi kulifuta, usiseme umesamehe. Mpe tarehe mpya na kiasi kidogo kidogo, na hilo pia ni tendo halali kwa wiki moja.

Kupatana. Mathayo 5:23-24, aya ya kuiacha sadaka madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako, wengi huisoma kinyume. Haisemi "ukikumbuka una neno na ndugu yako"; inasema ndugu yako ndiye mwenye neno juu yako. Mkosaji ndiye anayetumwa kuondoka. Na waliosikia maneno hayo walikuwa Galilaya, madhabahu iko Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Ni kama mtu wa Wete aliyevuka bahari na sadaka yake mpaka kanisa kuu la Mkunazini, Unguja mjini, akaambiwa aiweke chini, apande boti arudi. Mkunazini yenyewe kanisa kuu lilijengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Madhabahu mahali pale haiwezi kutenganishwa na alichotendewa mtu.

Wakati mzuri wa kwenda ni baada ya alasiri na kabla ya magharibi. Mchana watu wamelala, na usiku baraza imejaa, radhi ikiombwa mbele ya baraza hugeuka tamasha. Piga hodi mara tatu. Usipojibiwa, rudi kesho. Mwanamume anayekwenda nyumbani kwa mwanamke aende na mkewe au na mtu mzima mwengine. Maneno yawe mafupi: "Nilikukosea kwa jambo hili. Naomba radhi." Taja jambo lenyewe. Neno "lakini" likiingia, radhi imekwisha. Hakikisha una cha kulipa kama kuna kilichoharibika, wala usimdai jibu siku hiyo.

Ukiwa wewe ndiye uliyekosewa, njia ni ya Mathayo 18:15-17: kwanza wawili peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Inapoharibika ni hatua ya kwanza, kwa kuwa jambo limeshapita kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kabla mwenyewe hajaambiwa. Likishafika huko, waombe radhi waliosikia, halafu anza upya.

Kuapa ni jambo dogo la ulimi, ila lina mizizi. Anayeuza sokoni Darajani hujikuta anasema "wallahi" kama kila mtu, na Mkristo huisema bila hata kuifikiri. Mathayo 5:34-37 inataka ndiyo iwe ndiyo. Mazoezi yake: taja bei ya mwisho mara moja, nyamaza. Ukiteleza, usiape kwamba hutaapa tena. Fundi naye, "kesho" yake iwe na saa.

Sadaka ya siri imekuwa ngumu kuliko zamani, kwani pesa za simu huonyesha jina la aliyetuma. Njia iliyobaki ni duka. Nenda kwa mwenye duka unayemwamini, lipa sehemu ya deni la mtu lililo kwenye daftari lake, mwombe aseme tu kwamba limepungua. Sehemu, si lote: deni likifutika lote, mwenyewe atamsaka aliyelipa mpaka ampate. Picha ya kutoa unga kwa mjane ukiisambaza, thawabu umeshaipokea, Mathayo 6:2 imeshasema.

Kuhusu jirani Mwislamu, ambaye visiwani ndiye jirani wa karibu kila Mkristo, anza na Mathayo 5:47, aya ya maamkizi: ukiwaamkia ndugu zako tu, umefanya lipi la ziada? Tangulia kutoa shikamoo kwa wazee wa mtaa. Ukiamkiwa kwa salamu ya amani, itikia vizuri. Yohana 20:19 nayo ina "Amani iwe kwenu". Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, na mvuke wa jiko lako usielekee dirisha la mtu. Sahani ya futari ikija kwako, hairudi tupu. Tatizo huanza hapo: chakula ulichopika, hasa chenye nyama, kinamweka jirani katika mashaka ya uchinjaji na sufuria, naye atakipokea kwa adabu asikile. Rudisha sahani na tende, tikiti, ndizi mbivu au sukari ambayo mfuko wake haujafunguliwa. Msibani, mazishi ya Kiislamu hufanyika upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hiyo usingoje kupanga. Kachukue viti, kateke maji, kaa na watu. Wakati wa sala kaa pembeni kimya. Hakuna anayekutegemea uigize.

Jumamosi usiku fungua daftari. Tia alama ya ndiyo au siyo, bila maelezo. Mstari wenye siyo uhamie wiki inayofuata na tarehe mpya. Ukihama mara tatu, punguza kiasi mpaka uwezekane, 6,000 ziwe 2,000 kwa wiki tatu. Usiuache mstari huo ukaanza aya mpya, hata ikiwa tamu, maana muuza mbatata bado anasubiri pesa yake.