Protini haionekani, je, jeni imeharibika? Kuchunguza vizuia uvimbe katika tezi ya pituitari

Protini zinazozuia uvimbe huizuia seli isigawanyike ovyo. Katika uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, mara nyingi hupungua ilhali jeni zake ni nzima. Kwa hiyo usikimbilie kulaumu jeni.

Hatua ya 1. Soma fomu ya mgonjwa kabla ya kushika darubini. Kijana mwenye uvimbe mkubwa unaomwaga homoni ya ukuaji hunipeleka moja kwa moja kwa AIP, jeni iliyohusishwa na uvimbe huu mwaka 2006. Kalsiamu ikiwa juu na tezi za parathiroidi zina matatizo, nafikiria MEN1, jeni inayotengeneza menini, protini mojawapo ya vizuia uvimbe.

Hatua ya 2. Thibitisha aina ya seli kwa PIT1, TPIT na SF1, protini zinazotambulisha makundi ya seli za pituitari, kisha endelea.

Hatua ya 3. Paka kingamwili zinazonasa menini na p27 (protini nyingine inayozuia seli kugawanyika) na kuzionyesha kwa rangi. Rangi itafutwe kwenye kiini cha seli. Ukiona seli za uvimbe ni tupu, angalia kuta za mishipa ya damu katika kipande hichohicho: nazo zikiwa tupu, upakaji umeharibika. Rudia.

Hatua ya 4. Protini haipo kweli? Sasa uliza imepoteaje. Huenda nakala zote mbili za jeni zimeharibika, kama mtafiti wa saratani Alfred Knudson alivyoeleza mwaka 1971: ya kwanza imerithiwa ikiwa mbovu, ya pili imepotelea ndani ya uvimbe. Huenda herufi za jeni ni sahihi ila methili, vibandiko vya kikemikali juu ya DNA, zimeifunga isisomwe. Jeni ya p16, kizuia uvimbe kingine, hunyamazishwa hivyo mara nyingi. Au protini inatengenezwa vizuri kisha inavunjwavunjwa. Ndiyo hali ya p27 katika uvimbe mwingi wa seli zinazotoa homoni ya ACTH: RNA yake (nakala ya jeni inayotumiwa kutengeneza protini) ipo, protini ni haba. Ukipima DNA peke yake hapo, utaambiwa kila kitu kiko sawa.

Hatua ya 5. Linganisha DNA ya damu na ya uvimbe. Tahadhari: MEN1 na AIP zote zipo 11q13, eneo moja la kromosomu ya 11, hivyo kupotea kwa eneo hilo hakukuambii mhusika ni yupi. Soma mfuatano wa kila moja. TP53, jeni nyingine ya kizuia uvimbe, huharibika mara chache, nami huipima uvimbe ukiwa mkali tu.

Hatua ya 6. Kwenye ripoti andika "p27 imepungua", si "CDKN1B imebadilika" (CDKN1B ndiyo jeni ya p27), kama hujasoma mfuatano wake. Badiliko likionekana kwenye damu pia, ndugu wa mgonjwa wapelekwe kwa mshauri wa jenetiki.